Kutoka Wichita hadi Samedan ndani ya Citation CJ3+

Jumatatu, Wichita

Kazi yenyewe ni kuitoa Citation CJ3+, jeti ndogo ya biashara, karakana ya Wichita, jimbo la Kansas, na kuifikisha kwa mmiliki wake mpya kwenye milima ya Uswisi. Si ndege mpya. Imefunguliwa, ikakaguliwa, ikafungwa tena, na ndege iliyotoka kufungwa haivushwi bahari kabla haijajulikana tabia. Mwenzangu ametokea kwenye Boeing 737. Usukani anaujua vizuri. Kilicho kigeni kwake ni wepesi wa ndege hizi, na wiki hii nzima nitakuwa nikimwambia jambo moja: kwa mikono hazisumbui, ila ukichelewa kufikiri kuhusu kasi na kimo, zitafika kabla yako.

Wichita panafaa kuanzia. Hapa ndipo Learjet 23, jeti ndogo ya Bill Lear, iliporuka kwa mara ya kwanza tarehe 7 Oktoba 1963, na hapa ndipo Citation ya kwanza iliporuka tarehe 15 Septemba 1969. Learjet ilikuwa na damu ya P-16, ndege ya kivita ya Uswisi ambayo haikuwahi kuingia kazini, na ilimdai rubani wake umakini wa kivita kweli. Citation ilikuja na bawa lililonyooka na kasi ndogo ya kutua. Wapo waliokuwa wakiicheka kwa mwendo wake. Mimi naona bawa lile lilifungua mlango kwa marubani wengi kuingia kwenye jeti wakiwa salama, na ndugu zake wa leo bado wana upole huohuo.

Tulipanda hadi futi 15,000 mahali palipo wazi. Katika CJ3+ usukani umeungana na mabawa na mkia kwa kebo, hakuna haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yenye shinikizo, katikati, kwa hiyo unachohisi mkononi ni hewa yenyewe. Ukiwa kwenye noti 250, yaani maili za baharini kwa saa, usukani ni mzito na kuinamisha bawa kunataka bega. Kwenye noti 110 unalainika, na unalazimika kuusogeza zaidi ili upate jibu lilelile. Mwenzangu alizoea usukani wa 737, ambao haidroliki huusaidia na chemchemi huutengenezea uzito. Baada ya kona chache tu aliacha kuubana.

Kisha tukaipunguza kasi makusudi. Nguvu chini, kimo palepale, pua inapanda kidogo kidogo, kelele ya upepo kwenye vioo inafifia. Sekunde chache kabla bawa halijaishiwa mnyanyuo, ile nguvu ya hewa inayoibeba ndege, usukani ulianza kutetemeka mikononi kwa nguvu ambayo hata aliyesinzia angeamka. Pua chini, mabawa sawa, nguvu mbele. Haikutupa bawa upande wowote, nayo ndiyo habari tuliyokuwa tukiitafuta.

Kuna jambo ambalo mgeni wa ndege za namna hii lazima alihisi mapema. Injini zimefungwa nyuma, juu ya usawa wa katikati ya uzito. Ukisukuma vishikio vya nguvu mbele kwa ghafla, pua inataka kuinama. Ukivirudisha, inataka kuinuka. Kwenye 737, ambayo injini zake zinaning'inia chini ya mabawa, mambo ni kinyume kabisa. Tulirudia zoezi hili mpaka mkono wake wa kushoto ukaacha kusubiri jambo lisilokuja.

Jumanne, Wichita hadi Teterboro

Injini mbili za Williams FJ44-3A, kila moja ikiwa na msukumo wa pauni 2,820. Uzito wa juu kabisa wa kurukia ni pauni 13,870. Ukigawanya, unapata msukumo wa karibu pauni 0.41 kwa kila pauni ya ndege. 737-800 iliyojaa ina karibu 0.3. Leo hatuna abiria, na mafuta tuliyobeba ni ya safari ya saa mbili na nusu hivi, kwa hiyo hata hiyo 0.41 tumeipita mbali.

Maana yake ilionekana mara tu magurudumu yalipoacha lami. Mwenzangu aliinua pua kwa kiasi alichozoea, kasi ikazidi kukimbia, akainua tena, na bado kipimo cha kupanda kikawa kinapita futi 4,000 kwa dakika. Kibali cha kwanza kilikuwa kimo cha chini. Kwa mwendo ule, futi 1,000 za mwisho zinaisha kwa sekunde 15, na ndani ya sekunde hizo unatakiwa ulaze pua, upunguze nguvu, ukunje flapu, zile sehemu za nyuma ya bawa zinazoshushwa kwa mwendo wa polepole, na ujibu redio.

Dawa ni kupunguza kabla hujahitaji. Kabla ya futi 1,000 za mwisho, shusha mwendo wa kupanda ufike futi 1,000 hadi 1,500 kwa dakika. Hilo si kwa starehe ya abiria tu. Kifaa cha kuzuia migongano kwenye ndege nyingine kinahesabu kasi ya kukaribiana, hakijui nia yako. Ukiwa unapanda kama roketi chini ya ndege iliyotulia futi 1,000 juu ya kimo ulichopewa, kitampigia kelele rubani wa kule juu, naye atalazimika kukukwepa hata kama ulikuwa na hakika ya kusimama.

Huko juu hakukuwa na la kusimulia.

Jumatano, Teterboro hadi Goose Bay

Teterboro, New Jersey, ni uwanja usio na safari za mashirika ya ratiba, lakini umejaa jeti za biashara kuanzia asubuhi. Ndege zinazoshuka kwenda Newark hupita juu yake. Kwa sababu hiyo utaratibu wa kuondoka uitwao RUUDY, kwa wanaopaa kwenye njia ya kurukia namba 24, unakubana: ukipaa, unasimama futi 1,500 na kubaki hapo hadi upite alama ya WENTZ, ndipo uende futi 2,000. Marubani wengi wameshavunja vimo hivyo. Ndege ina uwezo wa kupita futi 1,500 kabla hata hujamaliza kukunja magurudumu, na mkono wenye mazoea unataka kuiacha ipande.

Tulikaa chini na karatasi kabla ya kuwasha injini. Tukakubaliana kwamba nguvu itapunguzwa mara magurudumu yanapokunjwa, bila kusubiri kimo kikaribie. Flapu zitabaki kidogo zaidi ya kawaida ili kasi isikimbie. Kila futi 500 anayesoma vipimo ataitaja kwa sauti. Na kama mwongoza ndege atatuita katikati ya kona, redio itasubiri sekunde tatu.

"Elfu moja," akasema mwenzangu.

"Nalaza pua."

"Elfu moja na mia tano, kasi mia na themanini. WENTZ iko mbele, bado."

Mabawa yalikuwa sawa, nguvu zaidi ya nusu imerudishwa. Ungeweza kudhani ndege imegoma. Mtu asiyejua angesema tunaitesa jeti kwa kuiendesha hivyo, lakini mimi naona sehemu hii ndiyo inayomtofautisha rubani wa jeti za biashara na mwingine. Nguvu unazo, na unakataa kuzitumia.

Baada ya hapo ilikuwa kaskazini-mashariki hadi Labrador. Goose Bay ni uwanja wa enzi za vita, una njia ndefu kupita kiasi kwa ndege yetu, na misitu kila upande. Mwisho wa kiangazi, jioni tayari ina baridi. Tulikagua boti ya mpira na suti za kuokolea, kila zipu na kila mfuniko, tukazirudisha mahali ambapo mkono unafika bila kufungua mkanda.

Alhamisi, Goose Bay hadi Keflavík

Maili za baharini 1,300 na ushei. Kwa makaratasi CJ3+ inaweza kwenda zaidi ya 2,000, na upepo leo unasukuma kutoka nyuma. Kwa nini basi tulitumia asubuhi nzima kwenye hesabu ya mafuta?

Kwa sababu ya dirisha. Dirisha likipasuka au hewa ya ndani ikivuja katikati ya bahari, ndege haiwezi kubaki juu. Lazima ishuke hadi futi 10,000, mahali ambapo watu wanapumua bila msaada, na huko injini zinakula karibu mara mbili kwa kila maili, huku mwendo ukiwa umepungua sana. Kwa hiyo tunatafuta nukta kwenye ramani ambako kurudi na kuendelea kunachukua muda sawa, tunadhani kwamba mkosi unatokea hapohapo, kisha tunahesabu kama mafuta yatatufikisha nchi kavu tukiwa chini. Mafuta ya leo yaliamuliwa na nukta hiyo. Njia nzuri ya kule juu haikuamua kitu.

Katikati yetu na Iceland kulikuwa na Narsarsuaq, kusini mwa Greenland, uwanja uliojengwa na Wamarekani mwaka 1941 mwishoni mwa fiodi, mkono mwembamba wa bahari katikati ya milima. Njia yake ina mita 1,830 na imeinuka kuelekea mashariki, kwa hiyo kawaida unatua ukipanda na kuruka ukiteremka. Mawingu yakikaa chini, fiodi zinafanana na moja tu ndiyo yenye uwanja. Tuliiweka kama kimbilio, tukaomba hali ya hewa yake kila tulipopata redio.

Tulifika futi 43,000 kabla ya pwani kutoweka. Huko hewa ina msongamano wa karibu moja ya tano ya ule wa usawa wa bahari. Kipima kasi kilisoma noti 195 hivi wakati ndege ikikata hewa kwa zaidi ya 400. Hiyo ndiyo sura ya kuruka juu: bawa linahisi hewa kidogo, kama ndege iendayo taratibu, huku injini na saa zikikuambia unakimbia. Ukiongeza kasi kidogo unakutana na kikomo cha Mach 0.737, yaani sehemu 0.737 ya kasi ya sauti. Ukipunguza sana unakutana na mtetemo wa usukani tuliouonja Jumatatu. Nafasi kati ya viwili hivyo inapungua kadiri unavyopanda na kadiri ndege inavyokuwa nzito. Kwenye CJ3+ nafasi hiyo ni ya kutosha, lakini kona kali huku juu ni mwiko, kwa sababu kona inaongeza mzigo kwenye bawa na kuila nafasi kutoka upande wa chini.

Sheria ya Marekani inasema juu ya futi 41,000 rubani mmoja awe amevaa barakoa ya oksijeni muda wote, hata kama wako wawili. Ina sababu: hewa ikitoka ghafla kwenye kimo hiki, akili inafanya kazi kwa sekunde zisizozidi 15. Tulipokezana kila nusu saa. Mpira wa barakoa unabana mfupa wa pua, mdomo unakauka, na kila pumzi inasikika masikioni mwa mwenzako kupitia kipaza sauti, ikiingia na kutoka. Hakuna anayeipenda. Nimeshasikia marubani wakisema hawaivai wakiwa peke yao juu, na nakataa kabisa kuruka na mtu wa namna hiyo.

Karibu na Greenland joto la nje lilipanda kutoka nyuzi 62 chini ya sifuri hadi 53 chini ya sifuri, bila wingu wala mtikisiko. Ukiwa kwenye kiti cha abiria husikii chochote. Lakini hewa ya joto ni nyepesi zaidi, injini zikapungua msukumo, na ndege hii haina mtambo wa kusogeza vishikio vya nguvu wenyewe. Otopailoti, kifaa kinachoiongoza ndege chenyewe, kazi yake ni kushika kimo, na ilikishika, kwa kuinua pua taratibu. Mach 0.71, kisha 0.70, kisha 0.69. Pua nusu nyuzi juu, halafu nusu nyingine. Injini zilikuwa tayari kwenye kikomo cha nguvu zinazoruhusiwa kutumika mfululizo.

Nilimuuliza mwenzangu anaona nini. Alitazama kasi, akatazama joto, akatazama pua.

"Tunapanda kilima ambacho hakipo," alisema. "Tuombe kushuka sasa, kabla hatujalazimika."

Tuliomba futi 41,000, tukapewa. Kasi ilirudi ndani ya dakika moja, na barakoa ikavuliwa. Ajali kadhaa za jeti zimeanza hivi, pua ikipanda polepole mno kwa jicho lililochoka, otopailoti ikifanya kazi yake kwa uaminifu mpaka mwisho. Namba ya kutazama huku juu ni kasi. Kimo kina mlinzi, kasi haina.

Keflavík ilikuwa na upepo wa ubavuni wenye mapigo. Bawa lililonyooka linabeba uzito mdogo kwa ukubwa wake, na kila pigo linalinyanyua. Tuliongeza nusu ya pigo juu ya kasi ya kutua, tukaja pua ikiwa imeelekezwa upande wa upepo, na juu tu ya lami nikaisawazisha kwa pedali huku bawa la upande wa upepo likishushwa kidogo. Miguu ya CJ3+ ina wenzo unaofuata gurudumu nyuma, ambao unameza kishindo vizuri mno. Baada ya kugusa, kazi ni kuondoa mnyanyuo haraka: flapu zinaenda chini kupita nafasi ya kutua, breki za hewa, vibao vya bawa vya kukinza upepo, zinafunguka, uzito unakaa kwenye magurudumu. Injini hizi hazigeuzi msukumo kuelekea mbele, kwa hiyo kusimama ni kwa breki na kwa nidhamu ya kugusa mahali ulipopanga.

Ijumaa, Keflavík

Hatukuruka. Upepo ulizidi noti 50 kwa mapigo. Tuliigeuza ndege itazame upepo, tukafunga usukani ili mkia usipigwe huku na huku, tukafunika injini, na mlango hatukuufungua bila mtu mwingine kuushikilia.

Jumamosi, Keflavík hadi Zurich

Leo mada ilikuwa kushuka. Bawa la jeti linateleza; haliachi kimo na kasi vyote kwa pamoja kwa hiari. Hesabu ya haraka ni maili tatu kwa kila futi 1,000. Kutoka 43,000 hadi kiwanja kilicho futi 1,400 hivi, ni maili 125, na nyingine 10 za kupunguza kasi. Upepo ukisukuma kutoka nyuma, unaongeza tena. Kwa hiyo uamuzi wa kutua Zurich ulifanyika tukiwa bado mbali, tukizungumza mambo mengine.

Waongoza ndege walitubakiza juu kwa muda, kama wanavyofanya panapokuwa na msongamano. Kisha yakaja mawingu yenye barafu. Hapo kuna mtego ambao mwenzangu hakuwahi kukutana nao kwa sura hii: ukingo wa bawa unapashwa moto kwa hewa inayotoka kwenye injini, na injini ikiwa imeachwa chini kabisa haina hewa ya kutosha. Lazima uiongezee nguvu. Sasa unashuka, umechelewa, na unalazimika kusukuma vishikio mbele. Breki za hewa zilifunguka, ndege ikatetemeka kidogo, na tukapata kimo tulichotakiwa maili mbili kabla ya alama. Kama tungesubiri kuwasha upashaji joto wa bawa hadi barafu ionekane kwenye kioo, tungekuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Jumapili, Samedan

Safari ya mwisho ni fupi kuliko maandalizi yake. Samedan iko futi 5,600 juu ya usawa wa bahari, kwenye bonde la Engadin, na Piz Bernina yenye mita 4,049 haiko mbali. Njia ina mita 1,800. Hutui hapa bila kusoma na kujiandaa kwa uwanja huu mahususi, na unakuja ukiona ardhi kwa macho.

Kipima kasi kinasoma noti 105 kama kawaida, lakini hewa ni nyepesi, kwa hiyo magurudumu yatagusa lami kwa karibu 115. Umbali wa kusimama unarefuka kwa mraba wa mwendo. Na kona pia zinafuata mraba. Ukiinamisha bawa nyuzi 30 kwa mwendo wa kweli wa noti 150, kona ya kugeuka kabisa inataka upana wa karibu kilomita 2.1. Kwa noti 200 inataka karibu 3.75. Kwenye bonde, tofauti hiyo ni ukuta wa mlima. Kwa hiyo tulipunguza mwendo na kushusha flapu za kwanza kabla hatujaingia bondeni, tukaegemea ubavu mmoja wa bonde ili upande wa pili ubaki mpana kwa ajili ya kugeuka.

Tulichagua asubuhi. Siku za jua, kuanzia mchana, upepo wa Maloja hushuka bondeni kutoka kusini-magharibi, tofauti na mabonde mengine ambako upepo wa mchana hupanda. Ukifika umekolea, unatua ukiutazama kupitia njia 21, na mapigo yake karibu na ardhi si mchezo. Kwetu kulikuwa kimya. Ardhi inayoinuka pembeni inadanganya jicho, inakufanya uone pua iko chini kuliko ilivyo, kwa hiyo nilimwomba mwenzangu anisomee kasi na mwendo wa kushuka bila kunyamaza hadi tunagusa.

Mchana nilimkalisha rubani mpya wa ndege hii kiti cha kushoto, tukiwa tumesimama, injini zimezimwa. Ametoka kwenye ndege za propela. Pale, ukirudisha nguvu, propela zenyewe zinakuwa breki na ndege inakaa chini. Hapa hakuna breki hiyo: ukirudisha nguvu, bawa linaendelea kuelea juu ya lami, mita mia zikipita moja baada ya nyingine. Nikamwonyesha ni wapi aanze kuvuta vishikio, futi 50 juu ya kizingiti, pale njia inapoanzia, na jinsi ya kuinua pua kidogo tu kisha kuacha miguu ya ndege ifanye iliyobaki. Alirudia mwendo huo wa mikono mara kadhaa. Halafu akauliza swali nililolipenda, kuhusu ile hewa ya joto juu ya Greenland na ni namba ipi tuliiona kwanza, nikatoa karatasi ya vipimo tuliyoiandika kila dakika tano, tukaanza kuisoma mstari kwa mstari.